Nusu ya Masafa, Baluni na Ardhi: Istilahi za Antena ya Waya

Miezi michache iliyopita mwalimu mmoja wa sayansi wa shule ya sekondari alituletea mswada mfupi. Alikuwa ameufasiri kwa ajili ya chama cha redio cha wanafunzi wake, na aliomba ofisi yetu izipitie istilahi zake kabla mswada haujapigwa chapa. Ulieleza namna ya kuchagua na kutundika nyumbani antena ya waya kwa ajili ya redio ya ridhaa. Kiswahili chake kilikuwa fasaha, wala sarufi haikuwa na kasoro. Lakini katika ukurasa wa pili palikuwa na sentensi hii:

"Kata waya nusu ya masafa, funga baluni katikati, kisha unganisha na ardhi."

Hakuna neno hata moja katika sentensi hiyo lililo geni kwa msomaji wa Kiswahili. Hata hivyo, mwanafunzi akiifuata kama ilivyoandikwa, atakata waya usiofaa kitu, atakwenda dukani kutafuta puto, na huenda akaihatarisha nyumba ya wazazi wake. Makala haya yanakusudia kuifumua sentensi hiyo, neno baada ya neno. Tunataka kuonyesha kwamba istilahi ya ufundi haipimwi kwa uzuri wa sauti yake, wala kwa asili yake kuwa ni ya Kibantu au ya kigeni. Hupimwa kwa kitendo ambacho mkono wa msomaji utakitenda baada ya kuisoma.

1. Jina la shughuli yenyewe

Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu huitambua shughuli hii kuwa huduma kamili ya redio. Kwa muhtasari, ni mawasiliano yanayofanywa na watu walioidhinishwa, kwa ajili ya kujifunza, kuwasiliana wao kwa wao na kuchunguza mambo ya ufundi wa redio, pasipo kutafuta faida ya fedha.

Katika miswada mbalimbali tumekuta majina matatu. La kwanza ni "redio ya wanagenzi". Jina hili lapotosha, kwa kuwa mwanagenzi ni mtu anayeanza kujifunza kazi, hali wengi wa watu hawa ni wahandisi na mafundi waliobobea. La pili ni "redio binafsi", ambalo msomaji atalidhania kuwa ni kituo cha matangazo cha mtu au kampuni. La tatu ni "redio ya ridhaa", nalo ndilo tunalolipendekeza. Neno "ridhaa" limekwisha kuzoeleka katika michezo: twasema ngumi za ridhaa na mchezaji wa ridhaa, tukiwa na maana ya mtu afanyaye jambo kwa kulipenda, si kwa malipo.

Hata hivyo mfasiri aangalie jambo moja. Ridhaa hapa ni ya mhusika mwenyewe. Haina maana kwamba serikali haihusiki. Mtu hawezi kurusha mawimbi kabla ya kupata leseni, ambayo nchini Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na nchini Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Pamoja na leseni hupewa alama ya mwito, yaani herufi na tarakimu zinazomtambulisha hewani. Alama za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X, za Rwanda 9X, za Burundi 9U, za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 9Q, na za Omani A4. Afisa anayefasiri fomu ya leseni asiandike "jina la redio" mahali pa "alama ya mwito", maana mwombaji atajaza jina la kiwanda kilichotengeneza chombo chake.

2. Antena, eriali au papasi?

Maneno haya matatu yote yamewahi kupendekezwa, na kila moja lina hoja yake. "Papasi" ni neno letu la tangu zamani, nalo hutaja vile viungo viwili vya kichwani ambavyo mdudu hupapasia. Anayelipendelea husema kwamba antena nayo hupapasa hewani kutafuta mawimbi. Lakini antena ya redio ya ridhaa haipokei tu, hurusha pia. Na kitu kinachorusha hakipapasi. Yafaa papasi waachiwe wadudu.

Historia ya neno "antena" lenyewe itamfurahisha msomaji wa pwani. Katika Kilatini neno hilo lilikuwa la mabaharia: lilitaja ule mti unaofungiwa tanga juu ya mlingoti, ambao sisi huuita foromali. Katika karne ya 15 wanazuoni waliofasiri vitabu vya Aristotle kutoka Kiyunani walilichukua neno hilo la chomboni wakawapa wadudu, na mwishoni mwa karne ya 19 likahamia kwenye nyaya za redio. Kwa hiyo hata Wazungu hawakubuni neno jipya. Walilipanua neno la jahazi. Nasi tungaliweza kusema "foromali ya redio". Lakini tumekwisha chelewa: kila aliyepanda juu ya paa kuielekeza antena ya televisheni analijua neno "antena". Baraza halina sababu ya kumnyang'anya mtu neno analolitumia bila kukosea. "Eriali" nayo ina maana ile ile, ila antena ndiyo iliyoenea zaidi. Twapendekeza antena.

3. "Nusu ya masafa"

Hapa ndipo penye kosa kubwa. Katika Kiswahili cha tangu zamani, masafa ni umbali: mtu husafiri masafa marefu. Baadaye lugha ya utangazaji ililitwaa neno hilo litaje idadi ya mitikisiko ya wimbi katika sekunde moja. Maana zote mbili zi hai hadi leo. Ndiyo maana mtu aweza kusema, "Antena ya masafa mafupi hufika masafa marefu," naye akawa amesema kweli, lakini msikilizaji asiambulie kitu.

Tatizo halikomei hapo. Mitikisiko inapozidi kuwa mingi katika sekunde moja, wimbi huzidi kuwa fupi. Kwa hiyo yule asemaye "masafa mafupi" akikusudia mawimbi mafupi, kwa hakika anataja masafa makubwa. Kivumishi chake chaelekea upande mmoja na maana yake yaelekea upande mwingine.

Tuyaangalie matokeo yake kwa mwanafunzi wetu. Tuseme anataka kutumia masafa ya megahezi 7.1, yaliyomo katika bendi ya meta 40, ambayo katika kanda yetu ya kimataifa ni kuanzia megahezi 7.0 hadi 7.2. Akiisoma "nusu ya masafa" kwa maana ya kitaalamu, atagawanya 7.1 kwa mbili apate 3.55, naye atakata waya wa meta 3.55. Namba hiyo si urefu wa kitu chochote. Akiisoma kwa maana ya zamani, atauliza: nusu ya umbali kutoka wapi hadi wapi?

Alichokusudia mwandishi ni nusu ya urefu wa wimbi. Urefu wa wimbi kwa meta hupatikana kwa kugawanya 300 kwa megahezi. Kwa mfano wetu ni karibu meta 42.3, na nusu yake ni meta 21.1. Lakini waya halisi wenye ncha mbili huitikia kana kwamba ni mrefu kuliko ulivyo, hivyo hupunguzwa kwa kadiri ya sehemu 5 katika 100. Kwa sababu hiyo mafundi hugawanya 143 kwa megahezi, na jawabu ndiyo urefu wa waya mzima. Kwa megahezi 7.1 ni meta 20.1; kwa megahezi 14.2 ni meta 10.1, kwa megahezi 28.5 ni meta 5.0.

Fundi mwangalifu hukata waya uzidi kidogo, kisha huupunguza baada ya kupima, kwa kuwa waya uliokatwa mfupi hauna dawa ila kuungwa. Katika bendi ya meta 40, kupunguza sentimeta 5 kila upande hupandisha masafa ya antena kwa karibu kilohezi 35.

Pendekezo letu ni hili. "Masafa" libaki kuwa idadi ya mitikisiko kwa sekunde, kwa kuwa ndivyo litumikavyo katika ugawaji wa masafa na redioni. Nayo yasemwe kuwa makubwa au madogo, kamwe yasiwe marefu au mafupi. Urefu na ufupi uachiwe wimbi. Na penye safari ya wimbi kutoka mji hadi mji, tuandike "umbali".

4. Dipoli na jamaa zake

Mswada ulitaja aina tatu za antena kwa majina matatu yasiyoonyesha uhusiano wao. Twaonelea ni bora majina yatokane na umbo, ili anayechagua aone mara moja ipi itaenea katika kiwanja chake.

Ya kwanza ni dipoli: nyaya mbili zilizo sawa, zilizonyoshwa pande mbili kutoka katikati, ambapo ndipo kebo inapofungwa. Umbo hili ni la tangu mwanzo wa elimu yenyewe, kwani Heinrich Hertz alilitumia nchini Ujerumani alipoyathibitisha mawimbi ya redio katika miaka ya 1887 na 1888. Neno "dipoli" tumelitohoa, lakini kila waya wake twauita mkono. Dipoli ya bendi ya meta 40 ina mikono miwili ya meta 10 na kitu, nayo huhitaji nguzo mbili au miti miwili.

Ya pili ni dipoli ya mgongo, yaani ile ambayo katikati yake imeinuliwa juu ya mlingoti mmoja na mikono ikateremka pande mbili kama paa la nyumba. Jina hili twalipendekeza kwa sababu kila aliyejenga anaujua mgongo wa paa. Faida yake ni kwamba huhitaji mlingoti mmoja tu na nafasi ndogo zaidi. Pembe baina ya mikono ikiwa nyuzi 120, waya wa meta 20.1 huenea katika meta 17.4 za kiwanja. Na mlingoti ukiwa na meta 10, ncha za mikono zitakuwa meta 5 kutoka ardhini. Pembe isipungue nyuzi 90, la sivyo mikono hupunguziana nguvu.

Ya tatu ni antena ya kulishwa nchani: waya mmoja wa nusu ya urefu wa wimbi, unaotoka dirishani hadi kwenye mti wa mbali. Huwafaa wenye kiwanja chembamba, lakini ncha yake ina ukinzani mkubwa, kiasi cha omu 2,000 na zaidi, hali mitambo mingi imetengenezwa kwa omu 50. Kwa hiyo hutiwa transfoma ndogo, aghalabu ya uwiano wa 49 kwa 1.

Msomaji anayechagua asisahau kimo. Antena ya meta 40 iliyotundikwa meta 10 tu kutoka ardhini hurusha sehemu kubwa ya nguvu zake juu, nayo hurudishwa chini na tabaka la juu la anga. Hiyo si kasoro kwa mtu anayetaka kuzungumza mchana na wenzake walio umbali wa kilomita mia kadhaa. Ni kasoro kwa yule anayetaka kufika bara jingine. Huyo hana budi kuiinua zaidi, au kutumia masafa makubwa zaidi ambayo kwayo meta 10 ni kimo cha kutosha.

5. "Baluni"

Mwalimu wetu alilitohoa neno la kigeni kwa kufuata kanuni zote za sauti, akapata "baluni". Utohozi wake hauna kosa. Bahati mbaya ni kwamba Kiswahili kimekwisha kuwa na baluni, nalo ni puto kubwa liendalo angani.

Wala msomaji atakayelifunga puto hatakuwa mjinga. Mwezi Desemba 1901, Guglielmo Marconi alipotaka kupokea mawimbi kutoka Uingereza akiwa Newfoundland, alijaribu kuupandisha waya wake kwa baluni, likachukuliwa na upepo. Kisha akatumia tiara, na kwa tiara hiyo akatangaza kufaulu. Kwa hiyo sentensi ya mswada yaeleweka vizuri kabisa, ila kwa maana nyingine, na istilahi ya namna hiyo ni mbaya kuliko isiyoeleweka. Asiyeelewa huuliza; aliyeelewa vibaya huendelea na kazi.

Kitu chenyewe kina kazi moja. Mikono ya dipoli ni sawa kwa sawa, lakini kebo ya koaksia, ambayo ni ya jamii ya ile inayoshuka kutoka antena ya televisheni, ina waya wa ndani na ganda la nje, navyo havilingani. Vikiunganishwa hivi hivi, sehemu ya mkondo hurudi kwa upande wa nje wa ganda hadi ndani ya nyumba, na kuleta makelele katika redio na televisheni. Kifaa hiki huzuia mkondo huo na kuweka usawa. Kwa hiyo twapendekeza "kisawazishi". Mwanafunzi asiye na fedha aweza kukitengeneza kwa kuizungusha kebo yenyewe mizunguko 8 hadi 10, chini tu ya mahali ilipofungwa kwenye antena.

6. Kutweka: msamiati wa jahazi

Katika sehemu ya kutundika, mswada uliandika "kuinua antena kwa kutumia mfumo wa kamba na gurudumu". Hapa palikuwa na umaskini usio wa lazima. Waswahili wametweka matanga kwa karne nyingi, na kazi ya kutundika waya ni ile ile. Mlingoti tunao. Kapi tunalo. Henza, ambayo ni kamba ya kutwekea tanga, tunayo. Tukisema "Tweka antena kwa henza iliyopita katika kapi," tumesema jambo zima kwa maneno machache, na mvuvi wa Kilwa au Lamu ataelewa kabla ya mhandisi.

Kila ncha ya antena hufungwa kwenye kihami, ambacho chaweza kuwa cha kauri au kipande cha bomba la plastiki, kisha ndipo ifungwe kamba. Sababu yake si kushikilia tu: wakati wa kurusha, ncha za mikono huwa na volteji kubwa, na ni lazima ziwe juu kupita mtoto au mtu mzima aweza kugusa. Mti hutikisika, na mnazi zaidi. Kwa hiyo kamba ya upande wa mti haifungwi kwa kukaza, bali hupitishwa katika kapi na kuning'inizwa uzito, ili mti ukiyumba uzito upande na kushuka na waya usikatike. Pwani, maungio yatiwe lehemu na kuzibwa yasiingie maji ya chumvi.

Neno "waya" nalo latutaka hadhari. Katika mswada lilitumika kwa antena na pia kwa waya wa umeme wa barabarani, pengine katika aya moja. Twapendekeza kwamba huu wa pili siku zote uandikwe kwa ukamilifu, "waya wa umeme", na onyo lisomeke hivi: antena isipite juu wala chini ya waya wa umeme, na mlingoti usimikwe mbali kiasi kwamba ukianguka pamoja na nyaya zake, kwa upande wowote, usiweze kuugusa. Onyo hili halina nafasi ya tamathali.

7. "Ardhi"

Mswada ulitumia "ardhi" kwa vitu vitatu. Kwanza, nyaya zinazotandazwa chini ya antena ya wima ili ifanye kazi. Hizi hutawanyika kutoka shinani, nasi twapendekeza ziitwe mizizi ya antena. Pili, ule waya wa usalama katika mfumo wa umeme wa nyumba, ambao mafundi huuita ethi. Tatu, waya mnene unaoliunganisha ganda la kebo na fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini, nje ya nyumba, kwa ajili ya radi. Huu twauita waya wa ulinzi.

Anayevichanganya vitatu hivi hupata hasara mbili. Atadhani dipoli haifanyi kazi bila ardhi, jambo lisilo kweli. Au ataupeleka waya wa antena kwenye ethi ya soketi chumbani, na hivyo kuikaribisha radi ndani ya nyumba. Uhusiano wa fimbo ya ulinzi na ethi ya nyumba upo, lakini hiyo ni kazi ya fundi wa umeme mwenye leseni.

Mashariki ya Kongo na bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi zaidi, na wengi wa wasomaji wa Kiswahili wanaishi huko. Kwa hiyo maelezo yoyote yawaambie wazi kwamba waya wa ulinzi hupunguza madhara, hauyaondoi. Kabla ya mvua ya radi, kebo ichomolewe katika mtambo na ncha yake iachwe nje ya nyumba. Wala tusiandike "umeme" tunapokusudia radi, maana msomaji aweza kudhani kwamba akizima swichi yu salama.

8. Mapendekezo

Kwa muhtasari, istilahi tunazozipendekeza ni hizi:

redio ya ridhaa: mawasiliano ya redio ya watu wenye leseni wasiotafuta faida.
alama ya mwito: herufi na tarakimu za kumtambulisha mwenye leseni.
antena: kifaa cha kurusha na kupokea mawimbi ya redio.
masafa: idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde.
urefu wa wimbi: umbali kutoka kilele kimoja cha wimbi hadi cha pili.
dipoli: antena ya mikono miwili inayolishwa katikati.
dipoli ya mgongo: dipoli iliyoinuliwa katikati, mikono ikateremka.
kihami: kipande kisichopitisha umeme, kinachofungwa nchani.
kisawazishi: kifaa kinacholinganisha kebo na mikono ya dipoli.
mizizi ya antena: nyaya zinazotandazwa shinani mwa antena ya wima.
waya wa ulinzi: waya wa kuelekeza radi ardhini nje ya nyumba.
kutweka: kupandisha antena kwa henza na kapi.

Mswada ulirudishwa kwa mwalimu, na sentensi yake sasa yasomeka hivi: "Kata nyaya mbili, kila mmoja robo ya urefu wa wimbi kasoro sehemu 5 katika 100, ziunganishe na kebo kwa kisawazishi, na nje ya nyumba, funga ganda la kebo kwenye waya wa ulinzi." Imekuwa ndefu maradufu. Mwalimu aliuliza kama haiwezi kufupishwa. Tulimjibu kwamba yaweza, siku ambayo wanafunzi wake watakuwa wameyazoea maneno haya kama walivyozoea mlingoti na tanga.

Wasomaji wenye maneno bora zaidi, hasa kutoka kwa mabaharia, mafundi wa umeme na wanachama wa redio ya ridhaa wa mikoani, wanaombwa wayalete ofisini kwetu pamoja na maelezo ya mahali yanapotumika. Orodha hii bado ni mapendekezo tu, nayo ingali wazi kurekebishwa.